Tangi Lililojaa

Mgane yule alipanda basi akiwa ameamua kununa mpaka mwisho wa safari. Lakini kwenye kiti cha mbele yake fundi wa boti aliyenuka petroli alikuwa akihojiwa na mama muuza vitambaa, na masikio ya mgane yakakataa kumtii.

“Hivi hizo boti za starehe, msimu mzima zinakunywa kiasi gani?”

“Inategemea mwenyewe, mama. Wengine wanazunguka tu wapigwe picha, pipa mbili zinawatosha. Ila ya mkuu wetu wa wilaya! Ile inakunywa kama imeambiwa kesho hakuna. Na msimu ukiisha tunaijaza mpaka mdomoni, tunaifunika turubai.”

“Mnaijaza iende wapi?”

“Haiendi popote. Tangi likiwa tupu linatoa jasho ndani, maji yanaharibu injini.”

“Makubwa! Kumbe hata tangi linaonewa huruma,” mama akacheka.

Mgane hakucheka. Mkewe alipozidiwa, wakati wa mvua zilizopita, gari la wagonjwa lilikuwepo uani pa zahanati, limeoshwa likang’aa. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Wakubwa walikuwa hawajaleta.

Akainama mbele. “Samahani, mwanangu. Hiyo ya mkuu mliijaza kabla ya mvua, au baada?”

“Kabla, mzee. Mvua ilitukuta tunafunga turubai. Mpaka leo imejaa.” Fundi akageuka kumtazama. “Kwani nawe una boti?”

Basi likasimama kituoni kwake.

“Nilikuwa na mke,” alisema mgane, akashuka.