Daktari wa Mashua na Kifua cha Binti Yake

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasimulie maisha ya kaka yetu, fundi wa mashua ambaye wengi wenu mlimwita Daktari.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha mbao, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, ambako alipewa adhabu ya kukwangua madawati aliyoyachorachora, mwalimu akashangaa kumwona anaifurahia, tena anaomba aongezewe na ya darasa la pili.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika karakana ya mashua, kazi yake kuondoa vanishi kuukuu, akipiga msasa mkavu milango imefungwa, kisha akirudi nyumbani na vumbi lake mwilini. Tarehe 2 Juni 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, na tarehe 9 Septemba 1986 wakajaliwa binti, mtoto wao wa pekee, ambaye alipoanza kutembea alimrukia baba yake mlangoni kila jioni kabla hajanawa, mpaka kifua kikaanza kumbana mtoto, na daktari akauliza baba mtu anafanya kazi gani. Kaka alilia, sitaficha.

Tangu hapo alivaa barakoa na glavu, akafungua milango yote, akapaka dawa ya kulainisha vanishi na kungoja ijikunje, akaikwangua taratibu kwa kufuata nyuzi za mbao, akamalizia na msasa wa maji, akaoga na kubadili nguo ndipo arudi nyumbani. Wenzake walimcheka, wakamuuliza mgonjwa leo anapasuliwa nini, jina la Daktari likamganda, na mwishowe wote wakamwiga. Binti alipona, akakua, akaingia karakana ile ile, jambo lililomnyima baba yake usingizi.

Kaka aliugua mapafu tangu Januari mwaka jana, na pale kitandani alimsumbua daktari aache kumhangaikia yeye, ampime binti kifua. Alifariki Jumanne alfajiri, tarehe 6 Mei 2025, na majibu ya binti yakatoka kesho yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na ninyi mafundi wenzake mliolipaka vanishi jeneza hili kwa mikono yenu.

Kaka, kifua cha binti yako ni kizima kabisa. Pumzika kwa amani.