Kikombe cha Machiniste

Kwenye benchi la mbele ya atelier ya Sudi mshonaji, katika commune, yaani mtaa wa mjini, iitwayo Kenya, kila mtu ana jina alilobandikwa na wenzake, na kulikataa ni kulikaza. Sudi ni Ciseaux, mkasi. Paluku, muuza maharage na unga kwa jumla, ni Tonne. Casimir, anayesoma hata gazeti lililofungiwa karanga, ni Maître, mwalimu. Na mzee Anselme, aliyeendesha treni mpaka kichwa kikawa cheupe, ni Machiniste. Nyumba yake iko hapohapo nyuma ya atelier, ila mlango unatazama upande wa pili. Rabia peke yake anaitwa Mama Rabia. Kahawa ni yake, na anayeshika birika hachezewi.

Asubuhi hiyo birika lilikuwa limefika nusu na kikombe cha bluu cha Machiniste bado kimefunikwa. Rabia alikitazama, akatazama pembeni, akakitazama tena mpaka akajikasirikia. Jana mzee ndiye aliyewachokoza. Alisema radio imetangaza kwamba Wamarekani, pamoja na utajiri wao wote, wanakufa mapema kuliko Wajapani, mapema hata kuliko Wahispania. Kwa nini? Halafu akainuka, akasema jibu analo, atalileta kesho, kila mtu alale na lake. Sasa kesho imefika, wenye majibu wamefika, mwenye swali hayupo.

— Alikimbia, Tonne akasema. Jibu hana nayo.

— Kawia ufike, Ciseaux akajibu, macho kwenye cherehani.

Rabia akasema mtu wa reli hachelewi. Wakamwitikia ndiyo, Mama, kisha wakaendelea kana kwamba ni nzi aliyepita.

Tonne alianza, kwa kuwa sauti yake ndiyo kubwa. Yeye mambo yote anayaona kwa magunia. Mmarekani, alieleza, anakula kwa jumla, sanduku zima, ndoo nzima. Mjapani anakula rejareja: kasamaki kadogo kama kale ka ziwani kanakotoka Kilwa, wali kidogo, basi, anainuka.

— Tumbo iko depot. Ukiijaza mpaka juu, mulango haifunge tena. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ile mithali inasema kujaza, Maître akamkumbusha.

— Njo mana minaisema.

Ciseaux alisimamisha cherehani ili asikike. Chakula hakina kosa, alisema. Kosa ni la suruali. Kule Amerika wanavaa suruali za lastiki, na yeye ameshazishona upya nyingi zinazokuja na mitumba, anajua kiuno chao.

— Mukaba iko na matundu. Ukifika ku tundu ya mwisho, unajua mambo iko mubaya. Lastiki haiseme kintu. Inakufuata tu mpaka ku kaburi.

Maître aliwaacha wamalize. Alikuwa amefikiria bunduki, magari, hospitali zinazotaka malipo, akayatupa yote kwa sababu kila mtu ameyasikia. La kwake lilikuwa kubwa zaidi. Jua linaanzia Japani, alisema, na Wajapani wanalipata likiwa jipya kabisa.

— Kisha inapita China, inapita kwetu, bantu bote banaitumia. Inafika Amerika imeisha kuchoka. Utaishi miaka ngapi na jua ya occasion, ya mitumba?

Tonne akacheka mpaka benchi likalia. Halafu akakunja uso, akauliza: kama ni hivyo, sisi tulio katikati, mbona tunakufa kabla yao wote? Maître akasema hilo ni somo lingine.

Rabia alisikia hasira ikimpanda. Ciseaux alipolala na malaria, nani alikwenda kugonga dirisha lake? Machiniste. Tonne alipojifungia ndani baada ya msiba wa dada yake, nani alikwenda kukaa naye kimya? Machiniste. Mtu akikosa benchini, mzee anaacha kahawa yake ipoe, anakwenda kuuliza. Leo amekosa yeye, na hawa wana miguu lakini wamekaa wanapima viuno vya Wamarekani. Angekwenda mwenyewe. Lakini yeye ni mjane, na mzee ni mjane. Akigonga mlango ule asubuhi, mtaa utakuwa umeshawafungisha ndoa kabla ya adhuhuri.

— Muende mumuangalie, akasema. Iko hapa nyuma tu.

— Atakuja, Mama. Asiyekuwapo na lake halipo, Maître akasema, akanyoosha mkono kwenye kikombe cha bluu. Rabia akampiga vidole kwa kijiko.

Ndipo akapita Olive, msichana wa mikate, beseni kichwani. Kawaida hasimami pale. Leo alisimama.

— Jambo ba papa. Papa Anselme iko wapi?

Rabia akamwonyesha kikombe kilichofunikwa.

— Mukate yangu ya kwanza ananunuaka yeye. Leo nimepiga hodi, mulango iko ya kufunga, na radio inasema mule ndani.

Ciseaux akaiacha cherehani. Wote walijua mzee hawezi kutoka akaiacha radio ikimlia betri. Rabia alikuwa ameshainuka, birika mkono huu, kikombe mkono ule, makaa ya jiko akayaachia upepo. Wanaotaka kusema na waseme.

Wakamfuata wote. Tonne aliusukuma mlango wa mzee kwa bega, kilo zake zikafaa kitu. Machiniste alikuwa chini, kando ya kitanda, mguu umepinda pasipopindika, midomo imekauka. Alikuwa hai. Alianguka alfajiri wakati anavaa viatu. Rabia akaketi sakafuni, akamweka kichwa mapajani, machozi yakamtoka naye hakuyafuta. Olive akakimbia kutafuta taksi. Katika birika kilibaki kikombe kimoja, nacho kimepoa. Mzee akakinywa polepole.

— Nilibaita mpaka sauti ikaisha, akasema. Nilikuwa nabasikia munacheka. Mulikuwa munabishana juu ya nini?

Ciseaux akamtazama Tonne. Tonne akamtazama Maître. Maître akapiga magoti, akaanza kufunga kamba za kiatu kimoja alichokuwa nacho mzee kwenye mguu mzima.