Eliaichi, Aliyewakagua Wote

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko barabarani, endesha taratibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa hapa kwetu Columbus, na habari yake si nyepesi.

Jina lake Eliaichi. Amefariki Februari mwaka huu, katika hospitali moja mjini Buffalo, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: ni Eliaichi, yule mama wa Westerville, mwanzilishi wa kikundi cha Shuka Nasi. Tangazo la msiba mlilolisikia lilisema aliugua kwa muda mfupi. Hivyo ndivyo tunavyotangaza siku zote, na wazee walitaka iishie hapo. Mwanawe Eliamini na mkewe Zita wamekataa. Walikuja hapa studio, wakakaa, wakatuomba tuseme ukweli. Eliaichi aliuawa na kidonda. Kidonda cha kukaa kwenye kiti muda mrefu, ambacho hakuna mtu aliyekiangalia.

Tuanze mbali kidogo. Eliaichi alizaliwa Machame. Theluji ya Kibo aliiona kila asubuhi akienda shule, na hakuwahi kuigusa. Alikuja Columbus kusoma, akapanga chumba karibu na chuo, mtaa ule wa University District ambako wengi wetu tumewahi kuchangia jiko. Mwaka 2009 gari alilopanda liliteleza kwenye barafu na kupinduka. Uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia tena kitu: si joto, si baridi, si maumivu. Hilo la maumivu mlishike, wasikilizaji wapendwa.

Miaka saba alikaa ndani kila majira ya baridi. Kisha mhudumu mmoja wa mazoezi akampeleka kwenye kilima cha kuteleza juu ya theluji, kusini mwa Buffalo. Huko wana kiti kama beseni la plastiki, kimefungwa juu ya ubao mwembamba. Unakazwa mikanda kifuani na mapajani. Nyuma yako anateleza mtu aliyeshika kamba mbili, na unashuka. Eliaichi alishuka mara moja, akaomba tena, akaomba tena. Jioni alimpigia Eliamini simu na kumwambia, "Baba, leo nimekimbia."

Hapo ndipo Shuka Nasi ilipozaliwa, mwaka 2016. Kazi yake ilikuwa moja: kuwapeleka likizo ya theluji watu wetu wenye ulemavu, kutoka Louisville, Columbus na Buffalo. Watu walimcheka. Wengine walisema hadharani kwamba mgonjwa hapelekwi kuchezea baridi. Yeye alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba, anaomba chai, hanyanyuki mpaka atolewe yule mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma.

Na alikuwa msumbufu kweli kweli. Hoteli zilimjua kwa sauti. Alikuwa anapiga simu na kuuliza mlango wa bafu una inchi ngapi. Mtu wa mapokezi akijibu "kama thelathini hivi", Eliaichi alimwambia, "Usinikadirie, mwanangu. Chukua kipimo upime. Mimi nasubiri." Alisubiri kweli, simu sikioni, hata dakika ishirini. Kuna hoteli tatu zilizobomoa milango yao na kuipanua ili tu asiwapigie tena.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ukaguzi. Mtu asiyesikia maumivu anaweza kukalia kidonda wiki nzima bila kujua. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kiti, na kila jioni baada ya kiti, kila mmoja alikaguliwa ngozi kwa macho ya mtu mwingine. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Penye wekundu, hukai kwenye kiti. Hakuna mjadala.

Sultani, mwanafunzi kutoka Tanga, anaukumbuka ukali huo. Mwaka jana alikutwa na alama ndogo, ukubwa wa kifuniko cha soda. Alikuwa amesubiri safari ile miezi kumi. Alilia mbele za watu. Eliaichi alimfuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe, halafu akamnyima kiti. "Kilima kitakuwepo mwakani," alimwambia. "Wewe utakuwepo?"

Sasa tuje kwenye safari ya Februari.

Walikuwa watu kumi na wanne, watano kati yao wapya kabisa. Walifikia Riverside, Buffalo, nyumbani kwa Bisogo, fundi seremala aliyetengeneza njia ya mbao kutoka barabarani hadi sebuleni. Mkaguzi wa wanawake alikuwa Delfina wa Louisville, mama wa makamo anayehudumia wagonjwa majumbani. Ijumaa ile barabara zilifungwa kwa dhoruba na Delfina akarudia njiani. Akapiga simu, akaagiza kazi yake ifanywe na Zita.

Zita ni mzaliwa wa Bukavu. Ni mke wa Eliamini, maana yake ni mkwe wa Eliaichi. Jumamosi asubuhi aliwakagua wanawake wote chumba cha ndani, mmoja mmoja, mpaka akabaki mama mkwe wake.

 Hapa studio Zita alisema hivi: "Kwetu, donc, bibi ya mutoto, mukwe, hawezi angalia mama ya bwana yake bila nguo. Ni haya kubwa. Ata kuwaza tu, unasikia mwili inakuwa moto. Nikasimama pale na glavu ku mikono. Nikamuuliza: Mama, Delfina haiko, ni miye nitakuangalia?"

Eliaichi alimtazama, akatabasamu. "Mama Teta," alimjibu, maana ndivyo alivyomwita, kwa jina la mjukuu, "mimi nimeshajikagua. Nenda kawavalishe wenzako makoti."

Zita akaenda. Alipokuwa akimfunga mama mkwe wake zipu ya koti alisikia harufu, tamu na nzito kidogo. Alidhani ni dawa ya kuchua.

"Nilifurahi," Zita alituambia. "Wakati alisema hapana, roho yangu ilitulia. Njo kitu inaniuma."

Jumamosi Eliaichi alikaa kwenye beseni lile kwa muda wa saa tatu. Jumapili saa tatu nyingine. Asubuhi zote mbili, na Jumamosi jioni pia, fomu ya ukaguzi iliandikwa jina lake na pembeni neno moja: salama. Mwandiko ni wake mwenyewe. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kumwona na furaha kama ile. Aliwashusha wale watano wapya wote, akiwatangulia na kuwaita kwa majina.

Jumapili jioni alianza kutetemeka. Alisema ni baridi tu ya mlimani. Akafunikwa blanketi, akapewa chai ya tangawizi, na kila mtu akaamini, kwa sababu nani angembishia? Jumatatu asubuhi hakuweza kutaja ni siku gani. Bisogo akaita gari la wagonjwa.

Hospitalini muuguzi alimgeuza ubavu. Zita alikuwa amesimama karibu na kitanda, na safari hii hakupata nafasi ya kugeuza uso. Alikiona kidonda. Anasema ngumi yake ingeingia. Daktari aliwaeleza kwamba kidonda kilikuwa na wiki tatu au zaidi, kimefika kwenye mfupa, na sumu imeingia kwenye damu. Siku mbili za kugongwa na kutikiswa kwenye kiti zilimaliza kilichobaki. Walimpasua mara mbili. Aliishi siku kumi na moja.

Alijua? Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, alijua. Eliamini alikwenda Westerville kumchukulia nguo, akakuta nyuma ya mlango wa bafu mfuko wa bandeji zilizotumika, umefungwa mafundo matatu. Alikuwa anajifunga mwenyewe, kwa kupapasa, mahali asipopaona.

Eliamini alimuuliza mama yake siku ambayo bado alikuwa anaongea. Jibu alilopata ametuachia tuwaambie. "Kilima hakitoi viti bila kiongozi mwenye cheti, na mwenye cheti ni mimi peke yangu. Ningesema, watu kumi na watatu wangerudi nyumbani. Nilidhani siku mbili zitapita."

Mimi nimekaa na maneno hayo wiki tatu sasa na bado yananikasirisha. Nampenda mama huyu, na nimemkasirikia. Alimfukuza Sultani kwenye kiti kwa alama ya kifuniko cha soda. Mwenyewe akaenda na shimo. Na sisi je? Miaka yote hiyo tulimwachia cheti peke yake, tukampigia makofi. Tulimheshimu mpaka tukashindwa kumgusa.

Zita hajalala vizuri tangu siku ile. Kuna ndugu wamemwambia hana kosa, kwamba mkwe yeyote mwenye adabu angefanya vile vile. Ni kweli, na hicho ndicho kinachomtisha. Alituomba jambo moja tu: "Museme ni miye nilikuwa pale. Museme niliona haya. Kuko bakwe bengine banasikiliza."

Tumesema, Zita. Tumesema kwa jina lako.

Kwa Eliamini, kwa Zita na binti yao Teta, kwa ndugu walioko Machame, kwa Delfina ambaye bado anailaumu dhoruba, na kwa wana Shuka Nasi wote wa Louisville, Columbus na Buffalo, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu ampokee Eliaichi na awape nguvu ninyi mliobaki.

Na wewe unayetusikia, fikiria nyumba yako. Inawezekana yumo mtu anayekaa kutwa nzima, au anayelala kutwa nzima, na hawezi kuona mgongo wake. Inawezekana ni baba yako. Inawezekana ni mama mkwe wako, na tangu uolewe hujawahi kumwona bila kanga begani. Kipindi hiki kikiisha, zima redio, nenda kagonge mlango wake, umwambie unataka kumwangalia. Atakuambia yuko salama. Mwombe tena. Akikasirika, mwache akasirike, akununie wiki nzima, akusemee kwa ukoo wote. Zita angetoa chochote leo ili anuniwe.