Zuleikha Hamid Matar, Mtoto Aliyeogopa Kulala (2011–2025)

Wasifu uliosomwa na shangazi yake, Bi Badria Matar, baada ya hitma, nyumbani Bububu, Jumatatu, 15 Septemba 2025

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa Zuleikha, na tunamuomba subira maana yetu imekwisha.

Marehemu Zuleikha alizaliwa Jumanne, tarehe 8 Machi 2011, akiwa mtoto wa pili wa kaka yangu Hamid Matar, fundi friji, na mkewe Riyama Abdulwahid. Wakati huo walikuwa wamepanga Malindi, mjini Unguja, ghorofa ya pili, nyumba yenye ngazi zilizosimama wima kama za kupandia mnazi. Kabla hajatimiza mwaka, mikono na miguu yake ilivimba, akalia siku nzima bila ya kubembelezeka. Spitali wakampima, wakasema ni selimundu, maradhi ya damu ya kuzaliwa nayo. Alipoanza kwenda kwa miguu alizichukia zile ngazi kwa sababu magoti yalimuuma, na mwaka 2016 Hamid akaihamishia familia hapa Bububu, nyumba ya chini.

Alianza skuli mwaka 2018, na alasiri akenda chuoni kusoma Kurani. Alikuwa hodari wa hesabu na mbishi wa kupindukia. Mwaka 2021 likamzukia tatizo, usingizi wa darasani. Wenzake walimwita Mama Usingizi, naye akiwaitikia. Siku moja Mwalimu Mansour alimwita jina, akashtuka, "Naam!", akasimama na kujibu swali la sayansi vizuri kabisa. Kumbe sayansi ilikwisha zamani, walikuwa kwenye Kiswahili. Darasa lilicheka na yeye akacheka. Nyumbani tulicheka pia, wala hakuna aliyejiuliza mtoto huyu usiku anafanya nini. Kila asubuhi mama yake akimuuliza, "Umelalaje?", alijibu "Salama", kama alivyofundishwa kujibu. Na sisi tukiridhika.

Ilikuwa hivi. Mapema mwaka 2021 alilazwa kwa maumivu ya mifupa, na kitanda cha pili yake alikuwapo msichana anaitwa Ummukulthum, mwenye maradhi hayohayo. Walikuwa wakigawana maembe na kusengenya manesi. Asubuhi moja Zuleikha aliamka akakuta kitanda cha mwenziwe kitupu, shuka limetandikwa upya. Akauliza. Mama yake, kwa huruma tu, akamwambia, "Ummukulthum kalala, mwanangu." Ndivyo tunavyosema mbele ya watoto, tukidhani tunawapunguzia.

Disemba ya mwaka huo alikwenda likizo Chwaka, kwa bibi yake mzaa mama, Bi Kazija. Bibi alimfundisha kusuka ukili, ule msuko mrefu wa miyaa unaoshonwa mikeka. Kila kukicha bunda la ukili lilikuwa limenenepa. Bi Kazija akatamba mtaa mzima: mjukuu wake ana mkono mwepesi, hajapata kuona! Riyama alipokwenda kumchukua, akatazama lile bunda, akauliza, "Mama, huyu anasuka saa ngapi? Mchana si yuko pwani na wenziwe?"

Bi Kazija akalishika lile bunda, akalipima uzito.

Riyama akamwita mwanawe, akamkalisha. Zuleikha akasema, "Mama, mie silali. Usingizi ukija nasuka, usinichukue."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ummukulthum si alilala?"

Mtoto wa miaka kumi, mifupa inamuuma, anapigana na usingizi kila siku ya Mungu, na asubuhi anatwambia salama. Nikilikumbuka hilo moyo wangu unapasuka.

Riyama alimwambia kweli palepale: "Ummukulthum kafa. Kafa kwa maradhi. Hakufa kwa kulala." Zuleikha alilia, kisha akakasirika kwelikweli. "Mbona mlinambia kalala?" Alimnunia mama yake siku mbili, na Riyama akasema anastahiki kununiwa.

Walipomweleza daktari wake, hakuwagombeza. Alisema mtoto asiyelala huumwa zaidi, na anayeumwa zaidi hapati usingizi, na hofu nayo ni maumivu, itibiwe kama tunavyoyatibu ya mifupa. Basi ikawa dawa anapewa mapema, kabla maumivu hayajapanda. Akawekewa chupa ya maji moto magotini, mama yake akilala ubavuni pake na kumsikiliza yaliyomuudhi siku ile, na yalikuwa mengi. Tukapigana marufuku kumwambia "jikaze". Akiulizwa kalalaje, akawa anasema, "Sjalala, mguu uliniuma," nasi tukimshukuru kwa kutwambia. Maradhi hayakuondoka. Lakini alianza kulala, akanawiri, na kelele zake zikarudi nyumbani.

Wasifu kwa desturi huwa na mahala pa kazi na mahala pa ndoa. Zuleikha alikuwa na miaka kumi na nne. Kazi yake ilikuwa kusuka, mchana sasa, na baadhi yenu mmekalia mikeka ya ukili wake. Kuhusu ndoa, aliniambia ataolewa na mwanamme anayejua kupika, la sivyo abaki na mimi. Nilimwambia basi tutabaki sote. Mwaka jana aliingia Fomu ya Kwanza, akitaka kuwa daktari wa watoto.

Jumatano iliyopita alianza kukohoa, kifua kikambana, akalazwa; selimundu ilikuwa imeingia mapafuni. Madaktari walijitahidi, Mungu awalipe. Ijumaa, tarehe 12 Septemba, baada ya sala ya Alasiri, alimwambia mama yake, "Mama, n'na usingizi." Riyama akamwambia, "Lala mwanangu, mie nipo." Akalala bila ya hofu, mkono wake mkononi mwa mama yake. Kabla ya Magharibi akafariki. Tulimzika Jumamosi asubuhi, hapa Bububu.

Tangu hapo Riyama hali chakula, anasema, "Ni mimi niliyemwambia alale." Wifi yangu, nakwambia mbele ya watu wote hawa: Zuleikha kafa kwa selimundu. Hukumdanganya. Wewe ulimpa miaka karibu minne ya usingizi.

Marehemu ameacha baba yake Hamid, mama yake Riyama, bibi yake Bi Kazija, kaka yake Tahir, mimi shangazi yake, na mdogo wake Khairat, wa miaka mitano, ambaye naye ana selimundu.

Jana jirani mmoja, kwa wema wake, alimpakata Khairat akaanza kumwambia, "Dada yako ka..." Riyama akainuka, akamchukua mtoto. Akamwambia, "Dada yako kafa, Khairat. Kafa kwa maradhi, wala hatorudi, na mama anaumia sana." Khairat akalia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akajikunja mapajani mwa mama yake, akalala, na Riyama akakaa anamtazama kifua kikipanda na kushuka.

Mola wetu, mpokee Zuleikha, mpe raha isiyo na maumivu wala hofu. Na huyu mdogo tuachie. Amin.