Wasifu wa Marehemu Nyuzi Nne, Mpiga Besi na Seremala

Nilikutana na marehemu tarehe 6 Agosti 1983, alipokuja kujaribiwa katika bendi ya ukumbi wangu. Alibana nyuzi zote nne kwa pamoja karibu na kichwa cha gitaa, na besi ikanguruma kama lori linalopanda mlima.

"Bwana mdogo," nikamwambia, "besi ni noti moja moja. Kazi yako ni kuwaonyesha watu mguu uwekwe wapi."

"Nimekosea pa kubana, bosi. Hebu sikiliza tena."

Akasogeza mkono kwenye shingo ya gitaa, mbali na kichwa, akapiga noti nne za ngazi ya muziki, ya msingi, ya tatu, ya saba na ya tisa, kwa mpigo mmoja. Safari hii ikatoka safi, kama swali linalongoja jibu. Tukapatana: noti moja moja wimbo mzima, na zile nne pamoja mara moja tu, wimbo unapokaribia kurudi kwenye sauti yake ya nyumbani. Alitaka mara kumi. Sikutetereka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika chumba nyuma ya duka la vitambaa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu useremala mwaka 1976. Mama yake alizoea kulalamika, "Huyu ukimtuma misumari, anarudi na nyuzi."

Mchana alitengeneza milango, na mwisho wa wiki alipiga besi. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuvunja mapatano yetu hata siku moja. Wapo waliokuja kusimama kando ya jukwaa, wakiusubiri mpigo ule tu.

Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa dada yangu mdogo, muuguzi. Siku ya harusi aliniomba, "Shemeji, leo siku yangu. Niache nipige ninavyotaka."

"Bwana harusi hapigi, anapigiwa," nikamjibu. Watu wakacheka, naye akacheka.

Tarehe 2 Februari 2015 alipatwa na kiharusi, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikafa ganzi. Baada ya miezi saba alirudi jukwaani akibana noti mbili tu, ya tatu na ya saba. "Sikio litajaza zilizobaki," alisema.

Figo zilipoanza kushindwa, nilimfuata nyumbani nikamwambia mapatano yamekwisha, apige apendavyo. Alijaribu. Vidole vikagoma.

"Umechelewa, shemeji," akasema, bila kinyongo.

Alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa kumi alasiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili mapacha, wajukuu watano, na mimi shemeji yake. Mimi nilipata ukumbi uliojaa. Yeye alipata mpigo mmoja kila wimbo. Miaka yote nilijihesabu mshindi. Kumbe kila alichonyimwa kupiga, nami nilinyimwa kukisikia.

Alale kwa amani, shemeji yangu.