Dakika Nne za Wangechi

Benchi la Muhidin liko Kondele, kati ya kibanda cha kutengeneza redio na duka la vipuri vya pikipiki. Ni ubao mmoja juu ya matofali, nao huwatosha watu wanne wakiketi kwa adabu. Muhidin huuza kahawa. Walubengo, fundi wa redio, tunamwita Waya. Zachariah mwenye vipuri huvaa kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani, kiangazi na masika, kwa hiyo tunamwita Kofia. Mimi ni Mwalimu kwa sababu nafundisha takwimu chuoni Maseno. Jumamosi utatimia mwaka mmoja tangu nimzike mke wangu, Wangechi. Mchungaji ametukubalia wimbo mmoja, dakika nne, kabla ya maombi, na anataka jina la wimbo huo leo kabla ya saa kumi ili lichapwe kwenye ratiba. Wangechi aliacha santuri tatu za kantri, zile zenye gitaa la mezani linaloteleza na kulia. Nilizileta zote kijiweni wanichagulie.

— Hapa hakuna kesi, Kofia alisema. Ni hii ya steshoni.

Jalada lake lina mwanamume aliyekalia sanduku akingoja treni. La pili lina mwanamke wa gauni la buluu. La tatu lina farasi kwenye theluji, peke yake.

— Ya steshoni ni sauti tu, Waya alisema. Gitaa hapo ni mgeni. Chukua ya gauni. Unajua hiyo gitaa inachezwa na magoti? Kuna vyuma chini ya meza. Jamaa anasukuma na goti, sauti inapanda. Sasa huyu wa gauni alikuwa na baridi yabisi.

— Nani alikwambia?

— Skia tu. Huyo ni mtu anaumwa goti ya kushoto.

— Ya kushoto, omera, ndugu yangu, Muhidin alisema. Ulimpima?

— Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, Kofia alisema.

— Hiyo inaingia wapi?

— Inaingia kwa goti.

Muhidin aliosha vikombe viwili.

— Mimi nasikia bawaba imekosa mafuta. Wazee wazima mnalilia mlango.

— Muhidin, hii muziki si ya watu wa kahawa, Kofia alisema. Kwetu Nyahururu baba alikuwa na ng'ombe imekataa kukamuliwa miezi mbili. Akaiwekea hii ya steshoni. Kufika wimbo ya tatu, lita kumi na nne.

— Ng'ombe moja?

— Na machozi, Waya. Ilikuwa inatoa machozi.

— Basi nikuambie kitu hujui. Yule wa gitaa hapo steshoni alikuwa bubu. Tangu azaliwe. Hakuwahi kusema hata mama. Ndio maana gitaa inaongea.

— Si umesema gitaa hapo ni mgeni?

— Mgeni bubu.

Niliwakumbusha kwamba ilikuwa saa tisa na robo.

Waya alitoa santuri kwenye majalada, akaziinua moja moja kuelekea jua.

— Tufanye kama mafundi. Santuri inachakaa ikichezwa. Yenye mikwaruzo mingi ndio Mama alipenda. Ona hii ya farasi, imekwisha.

— Kitu unapenda, unakwaruza? Kofia alivua kofia yake akaizungusha mbele ya uso wa Waya. Hii iko na alama? Miaka kumi na moja. Yenye iko safi ndio alipenda. Hii ya gauni.

— Iko safi kwa sababu hakuicheza.

— Alikuwa anaiweka. Akiba haiozi.

— Omera, akiba ni ya mahindi, Muhidin alisema.

Nilijua kwamba ushahidi uleule ulikuwa unathibitisha madai mawili yanayopingana. Mwanafunzi angeniletea hoja ya namna hiyo, ningemrudishia karatasi yake. Niliwaacha waendelee. Nilihitaji mmoja wao awe amepatia.

— Mwalimu, ndoa ilikuwa miaka ngapi? Muhidin aliuliza.

— Ishirini na sita.

— Na hizi santuri zilikuwa kwa nyumba?

— Alikuja nazo.

Alinijazia kikombe ambacho sikuwa nimekimaliza.

Wakati huo alifika mama mmoja, amekumbatia redio iliyofungwa kwa leso. Alijitaja kuwa Adero, muuza dagaa wa omena hapo sokoni, akamwambia Waya kwamba redio inakohoa. Waya alimwomba asubiri, kuna jambo la marehemu. Kofia akamweleza: mke, mwaka mmoja, santuri tatu, wimbo mmoja. Adero aliziangalia, kisha akaniangalia mimi.

— Pole sana, Baba. Sasa wewe ukitoka kazi, ukiingia kwa nyumba, ulikuwa unapata Mama anacheza gani?

Wote watatu walinigeukia, wakangoja.

— Nilikuwa nausikia muziki nikiwa langoni, nilisema. Kutoka langoni zote zililia sawa. Nikifika mlangoni, ameshauzima.

— Kila siku?

— Kila siku.

— Mbona azime?

— Nilimwambia kwamba kelele hiyo inanichosha. Nilimwambia mara moja tu, mwaka wa kwanza.

Adero alihamishia redio mkono wa pili. Muhidin aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kofia. Yakatoka machicha, naye hakuomba radhi. Waya alizirudisha santuri kwenye majalada, taratibu, kisha akaniwekea magotini.

Saa kumi kasoro dakika kumi nilimwandikia mchungaji kwamba hakutakuwa na wimbo, aanze moja kwa moja na maombi.