Bunduki Isiyofanana na ya Teague

Benchi letu liko nje ya duka la chakula cha mifugo la Marlys, hapa Tilden Creek, Wyoming, upande ambao ukuta unakinga upepo. Majira ya kondoo kuzaa, wazee tunakusanyika pale asubuhi, Marlys anatutolea birika la kahawa, na sisi tunaanza kazi yetu ya kubishana. Siku hiyo Verl Ostrander alifika amenuna. Koyoti, mbweha wa nyanda zetu, walikuwa wakimalizia wanakondoo wake. Juzi yake koyoti mmoja alipigwa risasi akafa, ila hakupigwa na Verl. Alipigwa na Teague, jirani aliyehamia mwaka jana kutoka Idaho, na aliyemwita alikuwa Darlene, mke wa Verl.

— Nataka bunduki, Verl alisema kabla hajakaa. Ya komeo, ile ya kuvuta ukapiga risasi moja moja, na darubini juu yake. Nishaurini.

Tukasogea kumpa nafasi. Swali tamu kama hilo halikuwa limetufikia tangu baridi iishe.

— Chukua mbili-mbili-tatu, ile ya risasi ndogo, alisema Harlan. Sisi tunamwita Robo Inchi, maana kwa maneno yake mwenyewe, risasi zake zote huingia ndani ya robo inchi. Teke lake dogo, akaendelea, halafu haiharibu ngozi.

— Teague anatumia nini?

— Hiyo hiyo.

— Basi hiyo siitaki.

Emmett akatikisa kichwa. Huyu tunamwita Dikoni, kwa kuwa ndiye anayepitisha sahani ya sadaka kanisani.

— Kwa upepo wetu huu, risasi ndogo inapeperuka kama unyoya. Chukua mbili-nne-tatu. Risasi yake nzito kidogo, na msimu wa kulungu ukifika unayo tayari.

— Teague anayo?

— Nadhani anayo. Ya kulungu.

— Mtu mmoja bunduki mbili za nini?

— Wewe mbona una matrekta matatu? nikamuuliza.

— Mawili hayawaki.

Robo Inchi akapuliza kahawa yake.

— Muhimu ni mtutu, bwana. Chagua mnene. Haupati moto upesi, na ukilala nao juu ya mfuko wa mchanga hautikisiki.

— Na nani ataubeba kupanda mlima? Magoti haya ya Verl? Dikoni alisema. Mimi nasema achukue risasi ya polepole. Haraka haraka haina baraka.

— Dikoni, risasi ya polepole koyoti ataikimbia, nikamwambia.

— Aikimbie. Akichoka itamkuta.

— Tatizo siyo risasi, alisema Robo Inchi. Tatizo ni komeo. Koyoti wa siku hizi wanaujua mlio wake. Ukilivuta tu, wameshavuka kilima. Binamu yangu kule Nebraska alilipaka lake siagi lisilie.

— Ikawaje?

— Wakaja kulilamba.

Sote tulicheka isipokuwa Verl. Alikuwa anazungusha kikombe mkononi.

— Mnajua ninavyofikiri? akasema. Kabla ya Teague kuja, koyoti hawakuwa wengi hivi. Yule anawafuga. Anawalisha kwake, halafu anakuja kuwapigia kwangu, Darlene akimtazama.

— Verl, nikasema.

— Darlene amempelekea pai. Ya tufaha. Mimi pai naipata siku yangu ya kuzaliwa.

Dikoni akamwekea mkono begani, akidhani anamfariji.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Masikio ya Verl yakawa mekundu.

Kulikuwa na mtu mmoja amesimama kando yetu, mpita njia ambaye gurudumu la gari lake lilikuwa linazibwa pancha kwenye gereji ya jirani. Marlys alikuwa amempa kahawa. Alitusikiliza kwa adabu mpaka tuliponyamaza.

— Samahani, wazee. Huyo koyoti anaingilia upande gani wa malisho?

Robo Inchi akamtazama Dikoni. Dikoni akatazama kikombe. Halafu sote tukamgeukia Verl.

— Kaskazini, alisema. Au huko kwenye mfereji.

— Nyayo zilikuwa wapi?

— Nyayo aliziona Darlene.

Yule mtu aliuliza kwa nia njema tu. Gereji wakamwita, akarudisha kikombe, akashukuru, akaenda zake. Robo Inchi na Dikoni wakakumbuka kwamba wana shughuli. Verl akabaki nami.

— Darlene aliniamsha alfajiri ile, alisema taratibu. Akaniambia, Verl, kuna kitu huko mferejini. Nikamwambia ni mbwa wa jirani, nikajigeuza upande wa pili. Ndipo akampigia simu Teague.

Verl alimaliza kahawa yake, akaingia kwenye pikapu, na badala ya kushika njia ya kwake akakata kona kuelekea kwa Teague.

Kesho yake kulipokucha nilikuwa napeleka majani makavu kupitia barabara ile. Juu ya mwinuko ulio karibu na mfereji niliwaona watu wawili wamelala kifudifudi bega kwa bega. Mmoja alikuwa Teague. Mwingine alikuwa Verl, ameshika bunduki ya komeo ya marehemu baba yake, ambayo benchini hakuitaja. Nikazima gari. Mlio wa kwanza ukatoka upande wa Verl, na koyoti akachomoka mbio kwenye nyasi. Wa pili ukatoka kwa Teague, koyoti akaanguka.

Nilikutana na Verl benchini baadaye, akanisimulia bila kuulizwa.

— Mimi nilikosa. Yeye akapata.

— Akakucheka?

— Wala. Alisema upepo uligeuka nilipofyatua.

Akatazama barabara.

— Na haukugeuka, akasema. Bora angenicheka.